Wageni wa Kwenye Kioo

Jumatatu, 3 Juni

Uji tena. Uwele, pilipili manga, samli inaelea juu. Nimekunywa. Ukikataa anakaa hapo hapo pembeni ya kitanda, bakuli mkononi, haongei, anakutazama tu mpaka unywe. Mama mkwe wangu hajawahi kunifokea. Afadhali angefoka.

Baada ya uji, maji ya moto. Ananikanda tumbo mpaka nauma meno. Kisha ananifunga khanga kiunoni, anaikaza kwa goti. Kisha nanyonyesha. Kisha nalala kwa amri. Mimi, mwenye shahada moja na nusu, nalazwa mchana kama kifaranga.

Sasa hivi kamchukua mtoto kumpaka mafuta. Nina nafasi kidogo. Upepo wa Ulemo unapiga bati kama mgomvi.

Niiweke wazi hali yangu, maana kichwa kimevurugika. Nimejifungua wiki tatu zilizopita, hospitali ya wilaya. Mama yangu mzazi hayupo duniani. Elisha, mume wangu, kazi yake iko Mbeya, na ruhusa yake iliisha kabla kitovu cha mtoto hakijadondoka. Kwa hiyo nimeletwa kijijini hapa Ulemo kwa mama yake nimalize arobaini. Tarehe 19 nina utetezi wa tasnifu yangu kwa njia ya mtandao, chuo kimenikubalia kwa sababu ya uzazi. Nikiikosa, kikao kingine ni mwakani, na nafasi ya uhadhiri msaidizi niliyoahidiwa inakwenda kwa mtu mwingine. Arobaini inaisha tarehe 21. Kabla ya hapo mzazi hatoki. Hivyo ndivyo ilivyo hapa.

Nani alipanga kalenda hii? Namchukia.

Jumanne, 4 Juni

Maoni ya Dokta Zakia yamefika. Msimamizi wangu huyu hajui salamu. Sura ya nne nzima kaimaliza kwa mstari mmoja pembeni, rangi nyekundu: Ukiiondoa protini hii hakuna kinachobadilika. Sasa ni ya nini?

Miaka miwili ya maisha yangu. Ni ya nini!

Nimemjibu kichwani huku nanyonyesha. Kila chembe hai ina ribosomu, viwanda vidogo vya kuunda protini. Protini haizaliwi ikiwa imekunjika vizuri. Inatoka kama uzi, kupitia kitundu chembamba, kichwa mbele, mkia bado unaungwa huko ndani. Na inatoka uchi. Ina sehemu zinazochukia maji, zinanata, zikigusana na za jirani zinashikana vibaya, na zikishashikana ndiyo basi. Donge. Aliyewahi kukoroga uji anajua. Sasa pale kwenye mdomo wa kitundu kuna protini nyingine zinazosubiri. Walezi. Zinaipokea ile mpya, zinaishika kidogo, zinaachia, zinashika tena, mpaka itoke yote na ijikunje yenyewe. Hazibaki ndani yake. Ikikamilika, zimeshaondoka. Mlezi ninayemchunguza mimi anaitwa NAC, na ndiye wa kwanza kabisa mlangoni.

Nilimwondoa kwenye hamira. Ndiyo, hamira, hii hii ya maandazi. Ikaota kama kawaida. Hapo ndipo Dokta Zakia alipoacha kusoma, labda chakula cha mchana kilikuwa tayari. Angegeuza ukurasa angeona nilipoongeza joto, nikaweka dawa ya kuvuruga ribosomu, nikamwondoa na mlezi wa pili. Hamira ikajaa madonge kama uji wa bwenini.

Kugeuza ukurasa tu, Dokta.

Ijumaa, 7 Juni

Wageni tangu asubuhi. Alizeti imeshavunwa, watu wana muda, na mtoto mchanga ni sinema ya bure.

Sheria ya mama mkwe: hakuna anayeingia chumbani moja kwa moja. Ukitoka njiani unakalishwa kwenye kigoda hapo mlangoni, unaletewa maji ya kunawa, unasubiri. "Keti kwanza, njia ikutoke." Na hiyo njia inatoka kwa muda anaoujua yeye. Mwenyekiti wa kitongoji kaketi mpaka kasinzia, akaondoka bila kumwona mtoto. Mchungaji kamwombea kutoka pale pale kwenye kigoda, kwa mbali, kama wanavyoombea mvua.

Nimeona aibu mpaka masikio yakawaka. Watu wamebeba unga, wamebeba kuku, wametembea, halafu wanakalishwa kama watuhumiwa.

Shangazi Raheli, dada wa marehemu baba mkwe, ndiye mwenye ulimi. Kasema mbele ya wote: "Wifi, umekuwa askari wa benki? Mtoto huyu ni wa ukoo." Mama mkwe akamsogezea maji. Shangazi akanawa kwa hasira, maji yakaruka mpaka ukutani, akaketi. Mimi nilikuwa upande wa shangazi. Naandika hivyo bila kuficha.

Mtoto wanamwita Mgeni. Jina lake halitajwi mpaka arobaini. Tukiwa wawili namwita jina lake kwa kunong'ona, kama mwizi.

Jumapili, 9 Juni

Elisha kapiga simu. Nimemwambia mama yako hanipishi hata kizingitini, nami tarehe 19 lazima nifike sekondari, ndiko kuliko na mtandao unaosimama. Hapa nyumbani unashika dirishani tu, na upepo ukivuma hata huo unakwenda nao. Kasema, "Vumilia, mke wangu. Mama ana nia njema."

Nia njema kwa simu, kutoka Mbeya. Nimemkatia.

Jumanne, 11 Juni

Mwandiko huu mbaya ni wa hasira.

Leo ilikuwa mazoezi. Dokta Zakia na wenzake wawili wa idara wanisikilize kabla ya siku yenyewe. Nikaweka kompyuta dirishani, bando limejaa, mtandao kwa huruma ya Mungu ukashika. Nilianza vizuri. Nilikuwa nimefika kwenye ribosomu. Mtoto akalia, mama mkwe akaingia kumchukua, na mmoja wa wale wawili, mtu mwema tu, akacheka: "Hebu tumwone huyo mtafiti mpya!"

Mama mkwe akasimama. Akaitazama kompyuta. Nyuso tatu zinacheka. Akauliza hawa ni akina nani. Nikamjibu, Mama, ni walimu wangu, wako Dar es Salaam.

"Wote hawa wako chumbani kwa mzazi?"

Na hapo hapo, bila kuinua sauti, akakishika kifuniko cha kompyuta akakifunga. Pa. Akatandika khanga juu yake. Hawajanawa, akasema. Wala hawajaketi.

Hawajanawa!

Nilipofungua, mtandao ulishakwenda. Ulipokuja, hakukuwa na mtu.

Nimepiga kelele. Mara ya kwanza katika nyumba hii. Nimemwambia hao si wageni, Mama, hiyo ni picha. Akanijibu kwamba picha haicheki.

Mimi, wa shikamoo asubuhi na jioni, nimempigia kelele mama wa mume wangu mpaka kuku wakatawanyika. Sijutii. Najuta kidogo. Sijutii.

Jumatano, 12 Juni

Ujumbe wa Dokta Zakia. Wenzake wameona kufungiwa ni dharau. Kwa mazingira niliyomo, anashauri niahirishe hadi mwakani, nipumzike, nilee.

Nilee! Yeye hakugeuza hata ukurasa, leo ananifundisha kulea. Nimemjibu neno moja: Sitaahirisha.

Kisha nikatafuta kompyuta, haipo. Nimeikuta ghalani, juu ya magunia ya alizeti, imeviringishwa khanga mbili. Nikaenda nayo moja kwa moja jikoni, nikamweleza mama mkwe kila kitu kwa sauti ya juu, naye anakoroga uji. Ribosomu. Uzi. Walezi. Hamira. Tarehe 19. Mtandao wa sekondari. Kazi yangu. Sijawahi kueleza vizuri namna ile, hata kwa wanaolipwa kunisikiliza. Nilipomaliza akasema, "Sogea huko, moshi unamwendea mtoto."

Basi.

Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Afadhali hilo jembe. Mimi napewa uji.

Ijumaa, 14 Juni

Hatuongei. Yaani yeye haongei kama kawaida yake, na mimi siongei kwa makusudi. Uji unakuja. Maji ya moto yanakuja. Khanga inakazwa kwa goti lile lile. Hata hasira yangu anaifungia humo humo tumboni.

Jioni shangazi Raheli kanipitia dirishani. Kasikia ugomvi, Ulemo yote imesikia. Kaninong'oneza: "Mke wetu, usihangaike. Jumatano nakuja na mwenzangu, tunamchukua mtoto, wewe unatokea nyuma unakwenda kwenye masomo yako. Wifi atakuta chumba kitupu."

Nimekubali. Moyo mwepesi kabisa. Hatimaye mtu mwenye akili katika ukoo huu.

Jumapili, 16 Juni

Mama mkwe katoka mchana. Hajawahi kutoka tangu nije. Hakusema anakwenda wapi. Kasema tu, "Mlango usifungue."

Nilifungua. Alikuwa shangazi Raheli na wanakwaya wenzake, wametoka kanisani, vumbi la barabara mpaka kwenye nyusi, furaha tupu. Nikafurahi nami. Nikajiona mwenye nyumba. Nikasema karibuni, piteni ndani, hakuna cha kigoda leo. Wakacheka. Nilicheka nao.

Mtoto akachukuliwa. Kutoka kwa huyu kwenda kwa huyu. Mmoja akambusu mdomoni. Mmoja anakohoa, anasema ni vumbi tu. Mmoja akaanza kumvuta pua ili isimame kama ya baba yake. Mwingine akasema huyu hashibi, akachovya kidole kwenye asali waliyoleta, akamtia mdomoni. Nikasema hapana, asali hapana, mtoto mchanga hapewi asali. Vigelegele vikanimeza. Niliinuka, kizunguzungu, maziwa yananivuja mpaka tumboni, namfuata mtoto wangu chumba kizima, na kila nikinyoosha mikono keshapita kwa mwingine. Analia kile kilio chembamba ambacho sijawahi kukisikia. Wao wanasema ana sauti nzuri, atakuja kwaya. Kisha simwoni kabisa. Shangazi keshatoka naye uani, kwenye upepo, kichwa wazi, anawaonyesha majirani juu ya uzio.

Nilipiga yowe. Sijui nilisema maneno gani. Nilimpokonya. Wakaondoka wamenuna, nikawasikia njiani wakisema mke wa Elisha kasoma mpaka kachanganyikiwa.

Mama mkwe karudi miguu imejaa vumbi. Alimsikia mtoto analia tangu mbali, lazima alimsikia. Akanawa. Akaketi kwenye kigoda, pale pale mlangoni, akasubiri. Nyumba yake mwenyewe, mjukuu wake mwenyewe, na anasubiri njia imtoke. Ndipo akaingia, akamchukua, akaona mdomo, akaufuta asali kwa ncha ya khanga. Akamweka kifuani kwake mpaka akatulia.

Hakuniuliza kitu. Nilitaka aniulize. Nilitaka anifokee ili na mimi nifoke. Nimelia kwa hasira, na safari hii hapakuwa na wa kumtupia.

Jumatatu, 17 Juni

Pua ya mtoto imeziba, hanyonyi vizuri. Mama mkwe kasema kliniki. Kumbe kliniki mzazi anaruhusiwa, mradi asiende peke yake. Sikujua. Hakuna anayenieleza sheria za nyumba hii, nazigundua kwa kujigonga nazo kichwa.

Mama mkwe alitembea upande wa upepo njia nzima, anatukinga. Muuguzi kasema ni mafua tu, kifua kisafi, ila tumwangalie kwa ajili ya ile asali. Nilitamani ardhi ipasuke. Mama mkwe alimtazama muuguzi, hakunitazama mimi.

Nimemtumia shangazi ujumbe. Jumatano asije.

Sasa nitafikaje sekondari, sijui. Sina mpango wowote. Nina tasnifu, mafua na hasira.

Jumanne, 18 Juni

Jioni hii mama mkwe kaniwekea ufunguo juu ya bakuli la uji. Wa chumba cha walimu, kule sekondari.

Kumbe Jumapili alikwenda huko. Kwa miguu, kile kilima chote. Kamwomba mwalimu mkuu chumba, kakifagia mwenyewe, katundika khanga madirishani. "Kesho tuihesabu ni kliniki," kasema, kama mtu anayepanga siku ya kusaga unga.

Nikamuuliza kwa nini hukuniambia, Mama, mimi nimekonda kwa mawazo wiki nzima.

"Ungeniuliza, mwanangu. Wewe ulikuwa unapiga kelele." Akakusanya kuni zake. "Nilikataa utoke. Sikukataa usome."

Kisha sharti. Wale wa kwenye kioo mtoto hawamwoni.

Bado nina hasira naye. Neno moja tu lingetosha. Ningelala usingizi. Nisingefungua ule mlango. Lakini huyu mwanamke maneno anayatoa kama samli, kwa ncha ya kijiko.

Jumatano, 19 Juni

Wamenipitisha. Kwa marekebisho madogo. Niandike kabla usingizi haujanibeba.

Tulitoka asubuhi. Upepo wa kukata masikio. Mama mkwe upande wa upepo, mtoto mgongoni kwake ndani ya shuka zito, mimi upande wa pili na kompyuta. Njiani tukakutana na shangazi Raheli na wenzake, na ndoo zao za maji. Wakaanza kusogea. Mama mkwe hakupunguza mwendo. "Tunakwenda kliniki," akasema, akapita. Kadanganya, yeye anayesali kila usiku.

Kigoda alikuja nacho. Akaketi nje ya mlango wa chumba cha walimu, mtoto mapajani. Nikiwa ndani nilimsikia akimkalisha mwalimu wa zamu. Kisha akamkalisha mwalimu mkuu, aliyekuwa anafuata miwani yake ndani ya chumba chake mwenyewe. Niliogopa kucheka.

Watahini wakatokea kwenye kioo. Dokta Zakia kanuna. Nikaanza. Mtahini wa nje ni mzee mmoja mwenye sauti ya kusoma taarifa ya habari. Akasafisha koo. Nilijua kabla hajasema. Umemwondoa mlezi huyu, hamira ikaota kama kawaida. Sasa ni wa nini?

Damu ikanipanda. Swali lile lile, utadhani wamegawiana. Nikafungua mdomo nimjibu vibaya. Naapa ningemjibu vibaya. Mtoto akalia nje.

Mlango ukafunguka. Sikuona mtu. Nikatazama chini. Mama mkwe wangu, mwenye magoti yanayomuuma kila jioni mpaka ananyanyuka kwa kushika ukuta, anakuja kwa kutambaa. Mkono mmoja sakafuni, mwingine umemkumbatia mjukuu kifuani, kichwa kakishusha chini ya usawa wa meza ili kamera isimpate mtoto. Akafika. Akanipandishia mtoto chini ya khanga, akamweka titini, akabaki pale sakafuni, kiganja chini ya kichwa chake. Kwenye kioo nilionekana mabega tu.

Mtoto akanyamaza. Na mimi nikajibu, taratibu kuliko nilivyokuwa nimepanga. Nilisema kwa joto la kawaida na chakula tele hamira inaonekana haimhitaji, kwa sababu walezi wengine wanaziba pengo lake. Huwezi kumpima siku ya raha. Ongeza joto, vuruga ribosomu, mwondolee mwenzake, ndipo utaona madonge. Na hiyo ni hamira, kiumbe cha chembe moja tu. Kwa minyoo, kwa nzi, kwa panya, wengine walishaonyesha kwamba kijusi kisicho naye hakifiki popote. Nikasema na kazi yake nyingine. Pale mlangoni wanapita wachukuzi, kazi yao ni kubeba protini zinazotakiwa kwenda sehemu maalumu ya chembe. Yeye asipokuwepo, wachukuzi hao wanabeba hata zisizo zao, wanazipeleka kusikotakiwa. Yeye anawazuia.

Habari za Jumapili sikuzisema. Hazimo kwenye tasnifu.

Mzee akaandika kitu, kisha akauliza: anajuaje wakati wa kuachia?

Hilo sikulitegemea. Nikasema hajui. Hapewi amri. Yeye anashika zile sehemu zinazonata. Protini ikijikunja, sehemu hizo zinaingia ndani, na mkono wake unakosa pa kushika. Basi. Anakwenda kwenye mlango wa ribosomu nyingine.

Chini ya meza mama mkwe alikuwa anamtoa mtoto, ameshiba. Akaondoka kama alivyokuja, kwa kutambaa.

Dokta Zakia kasema mwishoni kwamba nimejibu vizuri, ila nijifunze kutazama kamera, si chini. Nimemshukuru. Mungu anajua nilivyojizuia.

Ijumaa, 21 Juni

Arobaini. Mtoto kanyolewa. Katolewa nje kwenye jua, watu wote hawa, hakuna kigoda, hakuna kunawa. Shangazi Raheli ndiye aliyelitaja jina kwa sauti: Gabrieli. Nimeshtuka. Nimelinong'ona siku zote hizi, sikujua kwamba linaweza kusikika mpaka kwa jirani.

Shangazi hajaniomba radhi. Kanipa kuku tetea, mkubwa, wa kutaga. Nimempokea. Hasira zangu kwake zimebaki nusu.

Jioni nilimletea mama mkwe khanga aikaze. Akanigusa tumbo, akasema limerudi, jifunge mwenyewe. Nikaona mfuko wake wa safari mlangoni.

Jumamosi, 22 Juni

Kaondoka. Basi la alfajiri la Singida, kisha ataunganisha kwenda Mitundu. Pendo, mke wa mdogo wake Elisha, siku zake zimekaribia.

Nina hasira ya kuvunja vyungu. Ananiachia nyumba yake, kuku wake, ghala lake, ufunguo kwenye msumari, na kwaheri ya maneno matatu: "Uji usikoroge haraka." Nilimwambia, Mama, Elisha hafiki mpaka wiki ijayo, angalau msubiri. Kasema Pendo hana mtu. Nikasema na mimi sina mtu! Nimesema hivyo, kwa sauti ile ile ya siku ya kompyuta. Akanitazama, akamtazama Gabrieli mgongoni kwangu, amefungwa vizuri, amelala. Akasema, "Wewe?" Akapanda basi.

Tangu nije hapa nilikuwa naomba Mungu arobaini iishe nimkimbie huyu mwanamke. Sasa kanikimbia yeye. Na kigoda kaenda nacho. Pale mlangoni pamebaki duara la sakafu linalong'aa, na vumbi kuzunguka.

Jumatatu, 24 Juni

Uji wangu una madonge. Nimeukoroga haraka. Nimeunywa hivyo hivyo, nimesimama, nimekasirika.

Jumatano, 26 Juni

Upepo umetulia leo. Nimefua, nimeanika, zimekauka.

Marekebisho nimeyatuma. Sura ya nne sasa inaanza na lile swali jekundu lenyewe, na jibu lake chini yake. Dokta Zakia kajibu kwamba ameisoma yote. Kaandika "yote" kwa herufi kubwa.

Mchana alikuja mwanamke mmoja kutoka Kinyangiri, jamaa wa marehemu baba mkwe, katembea kutoka stendi, anataka kumwona mtoto. Mikono keshainyoosha mlangoni. Nilimpindulia ndoo tupu akaketi, nikamletea maji. Alinawa. Tukazungumza habari za alizeti, za mvua, za barabara yao. Alipopoa nikampa Gabrieli.

Jioni nikampigia mama mkwe, kumwambia wameipokea kazi yangu, imekwisha. Aliitika, akauliza tumbo, akauliza pua ya mtoto, akauliza kama tetea wa shangazi ameanza kutaga. Nyuma yake nilisikia mtoto mchanga sana, kile kilio cha siku za kwanza. Pendo kajifungua. Nikaanza kumweleza habari ya tasnifu. Nikasikia watu wakibisha hodi huko, wengi, wanacheka.

"Subiri," akasema.

Nikasubiri. Sauti yake ikawa mbali na simu.

"Keti kwanza," nikamsikia akimwambia mtu. "Njia ikutoke."

Hakurudi kwenye simu. Sikukata. Nilikaa pale na simu sikioni mpaka salio likaisha, kisha nikamhamisha Gabrieli kwenye titi la pili.